Jiko la Ngong na Karamu ya Babette

Karen Blixen aliandika hadithi ya karamu kwa sababu ya fedha. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1940, naye akiishi Rungstedlund, nyumba ya ukoo wao kando ya bahari, kaskazini ya Copenhagen. Majarida ya Marekani yalilipa vizuri kuliko yale ya kwao Denmark. Rafiki yake Mwingereza, Geoffrey Gorer, akamwekea dau kwamba hataweza kuwauzia hadithi Saturday Evening Post, kisha akampa na ushauri: andika juu ya chakula, Wamarekani wana wazimu wa chakula. Blixen akaandika. Saturday Evening Post wakaikataa, na Good Housekeeping nao wakaikataa. Mwaka 1950 ikachapishwa na Ladies' Home Journal, jarida la akina mama wa nyumbani, kwa jina la Babette's Feast. Mwaka 1958 ikaingia katika kitabu chake, Anecdotes of Destiny.

Hadithi hiyo ndogo, inayosomeka kwa kikao kimoja, imewaingiza watu jikoni kuliko vitabu vingi vya mapishi. Wapo waliokwenda kutafuta kware sokoni kwa sababu yake. Wapo waliopika mlo wake wote kwa siku mbili kwa ajili ya wageni watakaokaa saa tatu tu. Na mimi naamini kwamba sehemu kubwa ya kilichomo ndani yake haikutoka Paris wala Denmark. Ilitoka kwenye jiko lililokuwa chini ya vilima vya Ngong, Kenya, ambako Blixen na mpishi wake walielewana kwa Kiswahili.

Kwanza hadithi yenyewe. Katika mji wa Berlevåg, kaskazini kabisa mwa Norway, wanaishi akina dada wawili, Martine na Philippa, mabinti wa mchungaji aliyeanzisha kikundi cha waumini wenye maisha makavu. Kwao starehe ya ulimi ni mlango wa dhambi. Mwaka 1871 anabisha hodi mwanamke wa Kifaransa, Babette Hersant, amelowa mvua na hana kitu. Ametoroka Paris baada ya Komyuni, utawala wa waasi wa mji huo, kuvunjwa. Mumewe na mwanawe wamepigwa risasi. Wanampokea awe mpishi, na kwanza wanamfundisha kupika vyakula vyao: samaki mkavu, na supu ya mkate na bia. Babette anapika hivyo mwaka hadi mwaka bila kunung'unika. Kisha tiketi yake ya bahati nasibu inashinda faranga 10,000. Anaomba jambo moja tu: aruhusiwe kupika chakula cha Kifaransa siku ya kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa marehemu mchungaji.

Wale dada wanakubali kwa shingo upande. Wanapomwona kasa mkubwa akiletwa jikoni akiwa hai, wanaingiwa na hofu kwamba wamekaribisha uchawi nyumbani. Waumini wanakutana na kuahidiana kwamba siku hiyo watakula chochote watakachowekewa, lakini hakuna atakayetamka neno juu ya chakula. Basi jioni ile wanaketi watu 12 mezani. Kumi na mmoja wameufunga ulimi. Wa 12 ni jenerali mmoja, Lorens Löwenhielm, mgeni asiyejua lolote kuhusu ahadi ile. Yeye ndiye aliyewahi kula Paris.

Sasa angalia mwandishi anavyofanya. Hamwelezi msomaji kitunguu kilikatwaje wala siagi ni kiasi gani. Anataja majina: supu ya kasa, Blinis Demidoff, ambazo ni chapati ndogo za maji zinazoliwa na mayai ya samaki, kisha Cailles en Sarcophage, yaani kware ndani ya jeneza, halafu zabibu, pichi na tini mbichi. Anataja na mvinyo, mingine hata na mwaka wake. Basi. Kingine chote kimewekwa usoni mwa jenerali. Anaonja, anasimamisha kijiko, anatazama huku na huku aone kama wenzake wamesikia alichosikia yeye. Wenzake wanaendelea kula kana kwamba wamekuwa wakila hivyo kila siku kwa miaka 30. Anapofika kwa kware anakumbuka: chakula hiki alikila zamani Café Anglais, na aliyekibuni alikuwa mwanamke.

Msomaji anayefika hapo anameza mate, ingawa hajaambiwa hata kiungo kimoja. Naona hapo ndipo Blixen alipowashinda waandishi wengi wa chakula. Maelezo marefu ya harufu na rangi huchosha upesi. Yanamshibisha msomaji kabla hajaona njaa. Ukimwonyesha mtu anayejua kula akikutana na mkono wa mtu anayejua kupika, basi atafunga kitabu atafute sufuria.

Blixen alikuwa amejifunzia wapi jambo hilo? Café Anglais ilikuwa mkahawa wa kweli mjini Paris. Mwaka 1867 mpishi wake mkuu, Adolphe Dugléré, alimwandalia Wilhelm wa Prussia na Tsar Alexander wa Pili mlo uliopata sifa hadi leo. Lakini mkahawa huo ulifungwa mwaka 1913, na hapo Blixen alikuwa hajajulikana kama mwandishi. Mwaka uliofuata, Januari 1914, aliteremka Mombasa, akafunga ndoa na Bror Blixen, wakaenda bara kulima kahawa.

Shamba lilikuwa karibu ekari 6,000, na kahawa ilipandwa kwenye ekari 600 hivi. Ardhi ilikuwa juu mno kwa kahawa, na baridi na ukame viliiharibu mwaka baada ya mwaka. Waliokuwa wakiishi humo ni Wakikuyu, ambao serikali ya kikoloni ilikwisha kuwageuza maskwota kwenye nchi yao wenyewe. Sheria ya 1918 iliwataka wamfanyie mzungu kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa, kulima kidogo na kuchunga mbuzi wao. Blixen aliandika juu yao kwa mapenzi, na mara nyingi kwa jicho la mtu anayetazama kutoka barazani kwake. Yote mawili ni kweli, na anayemsoma leo akumbuke yote mawili.

Mtoto wa skwota mmoja aliitwa Kamante Gatura. Blixen alimkuta akichunga mbuzi, miguu imejaa vidonda vibichi kuanzia mapajani. Dawa za nyumbani hazikusaidia, akampeleka hospitali ya misheni ya Waskoti huko Kikuyu. Kamante alikaa huko miezi mitatu. Alirudi asubuhi ya Pasaka, miguu yote miwili imefungwa bendeji. Alijua thamani ya habari aliyokuwa nayo: alizifungua bendeji taratibu, mzunguko kwa mzunguko, mbele ya Blixen, ambaye yeye alimwita Msabu, hadi ngozi laini ikaonekana. Alikuwa amepona, na amekuwa Mkristo.

Alianza kazi nyumbani kwa kutunza mbwa, kisha akamsaidia Blixen kuwahudumia wagonjwa waliokuja barazani asubuhi. Mpishi wa nyumba, Esa, alipofariki, jiko likawa la Kamante. Blixen mwenyewe alikuwa amepata mafunzo. Aliporudi Ulaya kwa mara ya kwanza alijifunza kwa mpishi wa Kifaransa wa mkahawa maarufu, Monsieur Perrochet, na huyo akampendekezea waendeshe biashara pamoja. Aliyojifunza kule akamrithisha Kamante, kwa maneno na kwa mkono, kwa kuwa Kamante hakujua kusoma.

Jinsi Kamante alivyohifadhi mapishi kichwani ni jambo la kushangaza hata leo. Kila chakula alikipa jina la tukio la siku alipofundishwa. Kulikuwa na sosi ya radi iliyopiga mti. Kulikuwa na sosi ya farasi wa kijivu aliyekufa. Mapishi yalikuwa mengi, naye hakuyachanganya. Ni mpangilio wa mlo wa Kizungu tu uliokataa kumkaa kichwani, kipi kitangulie na kipi kifuate. Basi siku za wageni Blixen alimchorea karatasi: kwanza sahani ya supu, kisha samaki, kisha ndege wa porini au atichoki. Kamante aliitazama michoro ile akapika kwa kuifuata.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Blixen alikuwa na chombo cha kupigia mayai. Kamante alikidharau, akakiacha kikashika kutu. Alichukua kisu cha kupalilia majani ya bustani, akapigia ute wa mayai kwa kisu hicho, na ute ukafura ukawa kama mawingu mepesi. Kuku aliwachagua kwa jicho na kwa mkono, akitwaa wale walionona kuliko wote. Yai alilipima uzito kiganjani, kwa makini, akajua lilitagwa lini. Kwa unga, mayai na siagi alitoa vyakula ambavyo wageni waliotoka London walivisifu.

Na mwenyewe hakuvipenda. Alionja kidogo, uso umekunjamana, kwa ajili ya kupima tu, kisha akarudi kwenye mahindi ya kuchoma. Mara nyingine, kwa upendo wa kweli, alimletea Msabu kiazi kitamu alichokichoma mwenyewe au kipande cha mafuta ya kondoo, ili naye ale chakula cha maana.

Novemba 1928 Prince wa Wales, ambaye baadaye alikuwa mfalme Edward wa Nane, alikuja kula chakula cha jioni Ngong. Miongoni mwa vilivyoandaliwa palikuwa na paja la nguruwe na sosi ya Cumberland, ile inayotengenezwa kwa jeli ya matunda mekundu, machungwa na mvinyo. Prince aliisifu sosi ile, na Blixen akamfikishia Kamante sifa hizo. Muda mrefu baadaye Kamante, aliyekuwa si mtu wa maneno mengi, aliuliza tena kama ni kweli mtoto wa Sultani aliipenda ile sosi ya nguruwe. Alitaka kulisikia neno hilo mara ya pili, kama ambavyo fundi yeyote angetaka.

Mwaka 1931 shamba likauzwa. Denys Finch Hatton, rafiki yake aliyekuwa akija na mvinyo na sahani za muziki, alikufa Mei mwaka huo ndege yake ilipoanguka Voi. Blixen akarudi Denmark mikono mitupu, akaanza kuandika kwa dhati. Kitabu chake cha Kenya, Out of Africa, kilitoka mwaka 1937, na sehemu yake ya kwanza ni ya Kamante. Barua za Kamante zilimfikia Denmark, zikiwa zimeandikwa na waandishi wa kulipwa, kwamba amekosa kazi. Blixen hakushangaa. Mtu aliyefunzwa kuwapikia wafalme amebaki kwenye nchi iliyomtaka achemshe nyama na viazi.

Nikirudi kwa Babette baada ya kusoma hayo, siwezi tena kumwona kama Mfaransa mtupu. Tazama: mpishi mwenye kipaji, mbali na ulimwengu wa chakula anachokipika, mbele ya walaji wasio na habari na kilichomo sahanini. Babette anapika samaki mkavu na hali moyo wake uko Paris; Kamante anapika sosi ya Cumberland na hali moyo wake uko kwenye kiazi kitamu. Mmoja ni kinyume cha mwenzake, lakini ukimya wao ni mmoja, na fahari yao ni moja.

Kuna jambo zito zaidi. Mwisho wa hadithi wale dada wanagundua kwamba Babette ndiye aliyekuwa mpishi wa Café Anglais, na kwamba ametumia faranga zote 10,000 kwa mlo mmoja, kwani ndiyo bei ya watu 12 Café Anglais. Kisha anawaambia waliokuwa wakila chakula chake kule ni akina nani. Ni wakubwa wale wale ambao yeye alisimama vitani dhidi yao, na miongoni mwao Jenerali Galliffet, mtu wa kweli wa historia, aliyewamwagia damu watu wa Komyuni. Kwa mujibu wa hadithi ndiye mwenye damu ya mumewe na mwanawe. Hata hivyo anawalilia wakubwa hao, kwa sababu wao ndio waliokuwa na ulimi wa kuitambua kazi yake. Ni uchungu mgumu kuuelewa. Mpishi anawalisha waliomvunjia nyumba, na ufundi wake unakamilika vinywani mwao.

Blixen hakuandika popote kwamba Babette ni Kamante, nami sidai hivyo. Ninachosema ni kwamba mwanamke aliyeishi miaka 17 juu ya ardhi iliyochukuliwa, akilishwa na mtoto wa waliochukuliwa ardhi hiyo, alikuwa amekaa karibu sana na jambo hilo. Alikaa mkabala nalo kila jioni.

Hadithi ilikaa kimya miaka mingi. Aliyeitoa ni Gabriel Axel, mwongozaji wa Kidenmark aliyekulia Paris. Ilimchukua miaka mingi kupata fedha za kutengeneza filamu. Aliihamisha kutoka Norway hadi pwani ya Jutland, Denmark, na Babette akaigizwa na Stéphane Audran. Tatizo lake kubwa lilikuwa lile lile lililoipa hadithi nguvu: kware kitabuni alikuwa jina tu, ilhali kamera inataka nyama. Jan Pedersen, mpishi wa mkahawa wa La Cocotte mjini Copenhagen, ndiye aliyempa umbo. Kware anatolewa mifupa, anajazwa maini ya bata na trufeli, yaani uyoga mweusi unaochimbwa ardhini, anaokwa kisha analazwa ndani ya kikasha cha unga wa tabaka tabaka. Kichwa kinaachwa. Jenerali anakishika kwa vidole, anakitafuna, na watazamaji waliokuwa wakimwonea kinyaa sekunde ile wanaanza kumwonea wivu. Badala ya matunda matupu filamu iliongeza keki ya duara iliyolowekwa ramu.

Filamu ilitoka mwaka 1987. Aprili 1988 ilishinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, ya kwanza kwa Denmark, Axel akiwa karibu kutimiza miaka 70. Mikahawa ya Marekani na Ulaya ikaanza kuuza mlo wa Babette, sahani kwa sahani, kwa watu waliotoka sinema wakiwa na njaa. Wapishi wa nyumbani nao wakajaribu, na wengi waliacha kasa wakabaki na kware, jambo jema, kwa kuwa kasa wa baharini sasa analindwa. Hata Papa Francis aliitaja filamu hiyo mwaka 2016 katika Amoris Laetitia, waraka wake juu ya familia, akizungumzia furaha ya kumfurahisha mwenzio.

Blixen mwenyewe hakuwahi kuyaona hayo. Maradhi ya miaka mingi na upasuaji wa tumbo vilimwacha asiweze kula. Alipozuru Marekani mwaka 1959, mzee mwembamba kama ukuti, alikuwa akiishi kwa chaza, zabibu na shampeni. Alifariki Rungstedlund Septemba 1962. Nikifikiri kwamba mtu aliyewatia wengine njaa kiasi kile alimaliza siku zake hawezi kumaliza sahani moja, nasikia huruma.

Kamante alibaki Kenya. Katika miaka ya 1960 mpiga picha Mmarekani, Peter Beard, alimtafuta akampata, na mwaka 1975 kikatoka kitabu Longing for Darkness, chenye simulizi na michoro ya Kamante mwenyewe, wanawe wakitafsiri. Humo yeye ndiye anayemtazama Msabu. Alifariki mwaka 1985. Filamu ya Out of Africa, yenye kijana anayemwigiza yeye, ilianza kuonyeshwa Desemba mwaka huo huo, na mwaka 1986 nyumba ya Ngong ikafunguliwa kuwa makumbusho ya taifa. Eneo lote sasa linaitwa Karen.

Jiko liko nje ya nyumba kubwa, kama majiko ya zamani yalivyokuwa, na ndani yake kuna jiko la chuma la aina aliyopikia Kamante. Wageni wengi hupiga picha barazani, wakitazama vilima, kisha huondoka. Wewe ukifika, ingia jikoni. Na kama umeshawishika kuwaoka kware wa Babette, kabla ya kwenda kuwanunua, isome ile sehemu ya kwanza ya Out of Africa, ya Kamante, kisha mezani utaje jina lake pamoja na la Babette.